UZI: Kuzunguka taratibu kwa pikipiki Gongo la Mboto, Pugu, Kisarawe, Chanika hadi Mbagala – njia, chombo na hatari zake

#1 KlachiTaratibu

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa mwenye pikipiki ya kawaida, cc 100 hadi 150, Boxer, TVS na za aina hiyo, anayetaka kutoka Jumapili asubuhi kuzunguka pembezoni mwa Dar bila haraka. Mwendo ni 30 hadi 40 kwa saa. Naanza na njia, wajuzi wa chombo na wenyeji wa huko wataongeza.

Kwanza tuelewane jambo moja. Kwenda polepole kunadai pikipiki nzima na dereva makini kuliko kukimbia kwenye lami iliyonyooka. Ukiwa na 35 unashika klachi kila mara, injini inayopozwa na upepo inaupata kidogo, na walio nyuma yako wote wanataka kukupita. Anayedhani kwenda pole ni kupumzika tu hurudi na klachi imeungua au vioo vya pembeni vimevunjwa.

Anzia Tazara, shika Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu. Pita uwanja wa ndege, Banana, Ukonga, Gongo la Mboto. Njia ya mwendokasi iliyo katikati si yako hata ikiwa tupu. Baada ya Gongo la Mboto barabara inaanza kupanda. Unapita Pugu Mnadani, halafu unafika Pugu Kajiungeni. Hapo njia zinagawanyika, kulia Kisarawe, kushoto Chanika.

Anza na Kisarawe. Kipande cha msituni kina ubaridi asubuhi, malori ni machache, na wewe mwenyewe bado una nguvu za kukata kona. Kutoka Kajiungeni hazizidi kilomita 10, na ukifika umeshaingia Mkoa wa Pwani. Rudi kwa njia ileile hadi Kajiungeni, kisha shuka Chanika. Toka Chanika kwa Msongola, Mbande, Chamazi, utokee Mbagala Rangi Tatu, na Kilwa Road ikurudishe mjini. Mzunguko mzima ni kama kilomita 80 hadi 90. Kwa mwendo huu pikipiki nyingi za cc 150 zinakwenda kilomita 40 na zaidi kwa lita moja, kwa hiyo lita 3 zinatosha na akiba inabaki.

Ondoka saa 12 na nusu asubuhi, lenga kuwa nyumbani saa 8 mchana.

Nimechagua upande huu kwa sababu ndiko mji unakoonekana ukikua. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar na watu 4,364,541; ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka wengi wao wamejenga huku pembeni. Utaona msingi, kisha nyumba isiyo na bati, kisha genge, kisha kijiwe cha boda, kwa mpangilio huohuo mtaa baada ya mtaa.

#2 FundiSpoki

Uzi mzuri mkuu. Mimi niseme ya chombo.

Anza na upepo. Pima tairi likiwa la baridi, kabla hujatembea. Boxer nyingi zinataka psi 25 mbele. Nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukipakia mtu. Pikipiki nyingine soma stika yake au kitabu. Vijana wengi wa pampu za barabarani hujaza kwa kubonyeza tairi na kidole gumba, matokeo yake ni 40 nyuma, na tairi la 40 kwenye changarawe linarukaruka kama mpira. Kipimo kidogo cha mkono kinakaa mfukoni, nunua.

Cheni. Simamisha kwa stendi kubwa, shika cheni ya chini katikati ya spoketi mbili, isukume juu na chini. Icheze milimita 25 hadi 30. Usipime sehemu moja tu, zungusha tairi upime sehemu tatu, kwa kuwa cheni iliyochoka inakaza huku na kulegea kule. Irekebishe kwa pale ilipokaza zaidi. Hesabu alama za kulia na kushoto ziwe sawa, la sivyo tairi linakaa upande na spoketi inalika meno upande mmoja. Na ukishavuta tairi nyuma kukaza cheni, umekaza pia fimbo ya breki ya nyuma. Wengi wanasahau hapo. Breki inabaki imeshika kidogo, hubu (kitovu cha tairi) inachemka, na mtu anadhani injini imeishiwa nguvu. Zungusha tairi kwa mkono, likisugua legeza nati ya fimbo ya breki mpaka lizunguke huru, kisha hakikisha pedeli inashika ikishashuka sentimita 2 hadi 3.

Tazama loki ya cheni, kile kibanio kinachofunga kiungo cha kuunganishia cheni. Upande wake uliozibika uelekee kule cheni inakokimbilia, mdomo wake ubaki nyuma. Ikifungwa kinyume, jiwe moja linatosha kuing'oa.

Klachi: ncha ya mkono icheze milimita 10 hadi 15 kabla haijaanza kuvuta. Isipocheza kabisa, klachi haishiki yote na kilima cha Pugu kitaiunguza. Angalia waya pale unapoingia kwenye mkono. Ukiona uzi mmoja umekatika, badilisha leo. Waya haukatiki ghafla, unakatika uzi mmoja mmoja.

Fungua plagi. Rangi ya kahawia iliyopauka ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli inazidi hewa, mara nyingi filta imeziba. Nyeupe maana yake hewa inazidi na injini inachemka. Kwa pikipiki hizi nafasi ya plagi huwa karibu na milimita 0.7.

Vya kubeba: spana za nati zako hasa ile ya ekseli ya nyuma, spana ya plagi, bisibisi, pleisi, plagi moja, waya wa klachi, loki ya cheni, vyuma viwili vya kufungulia tairi, pampu, na tyubu. Soma ubavuni mwa tairi kabla ya kununua tyubu, kwa sababu kuna 17 na kuna 18, na ukiwa Msongola huwezi kuilazimisha moja iwe nyingine. Ongeza mita moja ya mpira wa tyubu kuukuu. Unafunga kila kitu, kuanzia taa iliyong'oka hadi mzigo.

#3 Mdau_wa_Jumapili

Wakuu ahsanteni. Maswali mawili. Pikipiki ikienda pole kwenye foleni ya Gongo la Mboto inapata moto sana, je, ni kawaida? Na mitaa ya ndani ya Chanika na Msongola nasikia ina mchanga. Kwa tairi za kawaida inapitika?

#4 KlachiTaratibu

Kupata joto ni kawaida, kuunguza klachi si kawaida. Kwenye foleni usining'inie kwenye nusu klachi ukisogea hatua moja moja. Subiri nafasi ifunguke mita 10, ingiza gia ya kwanza, achia klachi yote, sogea, kamata tena. Ukisimama zaidi ya dakika moja zima injini. Barabara ikiwa wazi, gia ya pili ni ya mwendo wa 15 hadi 20, ya tatu ni 25 hadi 35. Mtu anayeburuza gia ya nne kwa mwendo wa 25 anasikia injini inagonga. Huko kugonga ndiko kunakoumiza pistoni, si safari ndefu.

Oili iwe kwenye kiwango. Pikipiki isimame wima kwenye ardhi iliyo sawa, si kwa stendi ya pembeni. Yenye kidirisha, oili iwe kati ya alama mbili. Yenye kijiti, soma kitabu kama kijiti kinapimwa kikiwa kimefungwa au kimewekwa tu. Injini hizi hubeba kama lita moja, kwa hiyo ikipungua robo lita umepoteza robo ya kile kinachoipoza. Nyingi zinatumia 20W-50.

La mchanga nawaachia wenyeji.

#5 Njia_ya_Vumbi

Mdau, inapitika. Barabara kuu haina tabu, mchanga unaanza ukiingia mitaa ya ndani ya Zingiziwa, Buyuni na Msongola.

Kosa kubwa ni kuogopa. Mtu akiona mchanga anaachia moto (akselereta) na kubana breki ya mbele, tairi la mbele linazama, usukani unapinda, anaanguka kwa mwendo wa 10. Fanya hivi: kabla ya kuingia, shuka gia ya pili ukiwa bado kwenye udongo mgumu. Sogea nyuma ya kiti, uzito ukae tairi la nyuma. Shika usukani kwa kulegea, uache ucheze kushoto na kulia, pikipiki yenyewe itajinyoosha. Vuta moto kidogo na uendelee kuvuta sawasawa bila kuongeza na kupunguza. Macho yawe mita 15 mbele, si kwenye tairi. Ukitaka kupunguza mwendo punguza moto, breki guse ya nyuma tu.

Wapo wanaoshusha upepo ili tairi lipanuke. Inasaidia, lakini tairi zetu zina tyubu. Ukishuka chini ya psi 18 tairi linateleza juu ya rimu na kuburuta tyubu, na mdomo wa tyubu unang'oka. Pancha ya hivyo haina kiraka. Kaa kwenye 20, na ukirudi lami jaza tena kabla hujafika mwendo wa 40.

Fuata mkondo wa tairi la gari uliogandamizwa. Usitoke mkondo mmoja kwenda mwingine kwa kukata mshazari, ule ukingo wa mchanga katikati ndio unaoangusha. Ukilazimika kuhama, simama, weka miguu chini, hama.

#6 Mtaro_Wazi

Naomba niongeze kwa nini barabara za huko zinabadilika mwezi hadi mwezi, kwa sababu mtu akielewa chanzo atajua shimo lilipo kabla hajaliona.

Udongo wa vilima vya Pugu na chini yake ni mchanga mwingi uliolala juu ya udongo mzito. Msitu ulipokuwa umefunika, mvua iliingia ardhini taratibu. Sasa kila kiwanja kina bati na ua uliosakafiwa, maji yote yanatoka kwa mkupuo na kutafuta mahali pa kupita. Mitaro haijachimbwa, kwa hiyo barabara ndiyo inayogeuka mtaro. Maji yanakula katikati au ukingoni mpaka linakuwa korongo. Greda likipita linajaza kifusi cha moramu, kifusi hakikushindiliwa vizuri, masika ya Machi hadi Mei yanakibeba, na kokoto kubwa zinabaki zimetuna juu kama mayai. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inamalizia.

Sasa usomaji wake. Kwenye mteremko wowote wa udongo, korongo liko chini, mahali ambapo njia inanyooka, kwa sababu hapo ndipo maji yalipopata kasi. Kwenye kalavati, hatari haiko juu ya kalavati bali hatua mbili kabla na baada yake. Zege halididimii ila kifusi cha pembeni kinadidimia, unapata ngazi ya sentimita 10 au zaidi. Ingia pole, simama kidogo kwenye vikanyagio magoti yakiwa yamekunjwa, na rimu yako itabaki ya duara.

Kitu kingine ni mifereji ya mabomba ya maji. Bomba likipelekwa kwenye mtaa mpya, lami au moramu inakatwa mshazari, inafukiwa na kuachwa. Baada ya mvua moja mfereji unazama. Utaujua kwa mstari wa udongo wa rangi tofauti unaokata barabara. Uvuke kwa pembe ya mraba, usiufuate kwa urefu wake.

#7 BintiChanika

Nashukuru kwa uzi. Mmesahau abiria, na wengi wetu tunatoka na wenza au ndugu.

Mwanamke akae kwa kutanua miguu, si upande. Akikaa upande uzito wote uko kushoto au kulia, dereva anasahihisha usukani njia nzima bila kujua, na kwenye kona ya msituni au kwenye mchanga hana mahali pa kushika. Avae suruali ndani, juu yake gauni au dera likunjwe na kukaliwa.

Kanga, mtandio, baibui na mikanda ya begi ndivyo vinavyoua. Upande wa kushoto kuna cheni, kulia kuna spoki na fimbo ya breki. Ncha ya mtandio inapeperuka nyuma, inagusa spoki, inazungushwa kwa kufumba na kufumbua, na mwenye mtandio anavutwa shingo. Kabla ya kuondoka zunguka pikipiki mara moja ukitazama kinachoning'inia. Mtandio uchomekwe ndani ya koti. Kifuniko cha cheni kisitolewe hata kama kinapiga kelele, kazeni boliti zake.

Abiria apandishe miguu kwenye vikanyagio vyake na asiishushe pikipiki ikisimama, hiyo ni kazi ya dereva. Na mguu wake wa kulia uwe mbali na bomba la moshi, kuungua shavu la mguu kwa ndani ndiyo kumbukumbu ya wengi.

Kofia ngumu ni mbili, yake na yako, na kamba zake zifungwe. Yake imkae. Akitikisa kichwa ikazunguka peke yake, ni kubwa.

#8 KlachiTaratibu

Dada umesema jambo zito, ahsante. Ukibeba abiria rudi kwenye upepo wa 32 nyuma, na kumbuka taa ya mbele inapanda juu, ishushe kidogo.

#9 PuguMnadani

Hatari za kipande cha Gongo la Mboto hadi Kajiungeni ni za aina yake, naziweka kwa mpangilio utakavyokutana nazo.

Malori ya taka yanakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Yanadondosha maji ya taka barabarani, meusi, yenye mafuta, na hayakauki haraka. Kwenye lami yanaonekana kama kivuli chembamba kinachofuata njia ya kushoto. Usiegemeze pikipiki juu yake na usikanyage breki juu yake. Mvua ya kwanza ikinyesha ndiyo mbaya zaidi, mafuta yote yanaelea. Ipe nusu saa ya mvua ioshe kwanza.

Mnada wa Pugu unaleta ng'ombe na malori ya ng'ombe. Ng'ombe akivuka, usipige honi na usijaribu kupita mbele yake. Simama, pita nyuma ya mkia wa ng'ombe wa mwisho, kwa sababu ng'ombe anakwenda mbele na mwenzake anamfuata.

Kisha tipa za mchanga na kokoto. Hili nataka mlione kwa macho. Tipa imejaa hadi juu ya bodi, turubai halijafungwa. Inakata kona ya kulia, mzigo unaegemea nje, kiasi cha debe moja kinamwagika upande wa kushoto wa kona, yaani mahali hasa pikipiki inapopita. Magari yanausambaza mpaka unakuwa tabaka la unene wa sarafu, rangi ileile ya lami yenye vumbi. Huwezi kuuona ukiwa mita 20. Dalili yake ni mstari mweupe wa ukingoni: ukiona mstari umefifia ghafla kwenye kona, ni mchanga umelala juu yake. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, pita wima uwezavyo, usiguse breki ya mbele ndani ya kona.

Toka Kisarawe zinakuja pikipiki zenye magunia ya mkaa, mawili au matatu, yaliyotanuka kuliko usukani. Breki yao ni ndogo kwa mzigo ule na kilima kinawasukuma. Ukikutana nazo zinashuka, sogea ukingoni uzipishe.

#10 Shoka_la_Nyuma

Wakuu, cheni ikiwa kavu huko vumbini nipake oili chafu ya injini? Mafundi wengi wa vijiweni wanaitumia na haina gharama.

#11 FundiSpoki

Usipake, mkuu. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba chembe za chuma na masizi. Ukiipaka kwenye cheni na vumbi likashika juu yake, umetengeneza msasa wa maji. Spoketi ya mbele inachongoka meno kama ndoana, na ukibadilisha cheni bila spoketi, cheni mpya inakufa haraka vilevile. Cheni na spoketi zote mbili, ya mbele na ya nyuma, hubadilishwa pamoja.

Tumia oili ya gia namba 90. Futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, iache ikauke, dondosha oili tone moja kwa kila kiungo upande wa ndani huku ukizungusha tairi kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Kuna waliokatwa vidole kwa kufanya hivyo injini ikinguruma kwenye gia. Ngoja dakika 10, kisha futa ya nje yote mpaka cheni ionekane karibu kavu. Oili inayohitajika ni ile iliyoingia ndani ya pini. Ya nje inakamata mchanga tu. Fanya jioni ya kuamkia safari, si asubuhi ya safari, ili isirushwe kwenye tairi.

Filta ya hewa pia, maana vumbi la Msongola ni jembamba kama unga. Ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikamuliwe bila kusokotwa, ikauke kivulini, ipakwe oili safi kidogo na kukamuliwa tena. Ya karatasi usiioshe, igonge taratibu kwenye kiganja. Ikiwa imeshakuwa nyeusi, badilisha.

#12 Mdau_wa_Jumapili

Na mvua ikinikuta katikati, kwenye madimbwi je?

#13 Njia_ya_Vumbi

Dimbwi lisilo na mtu aliyepita mbele yako usiliingie. Subiri boda wa mtaa huo apite, anajua mawe yalipo. Maji yasizidi kitovu cha tairi. Gia ya kwanza, moto uwe juu kidogo na usiachie hata ukitetemeka, kwa kuwa moshi unaotoka ndio unaozuia maji kurudi kwenye bomba. Ikizimika katikati, usipige kiki. Isukume nje, fungua plagi, piga kiki mara kadhaa ikiwa imefunguliwa, maji yakitoka kwenye tundu umejua umeokoa pistoni.

Ukitoka majini breki shuu zimelowa na hazishiki. Endelea kwa 20 ukiwa umegusa pedeli na mkono wa breki kidogo kwa mita 100 hivi, zikauke, ndipo uziamini.

Maji yanayotembea ni habari nyingine kabisa. Mto Mzinga na vijito vyake vikijaa, maji ya magotini yanayokimbia yanabeba pikipiki na mtu. Rudi ulikotoka.

#14 Mtaro_Wazi

Kuhusu ramani za simu. Mitaa mipya inapimwa viwanja kila siku, na ramani inakuonyesha njia ambayo mwaka jana ilikuwa ya miguu na mwaka huu ni ukuta wa mtu. Angalia nguzo kubwa za umeme, barabara ya mtaa inayofuatana na laini kubwa mara nyingi inatokea mahali. Inayofuata nguzo moja moja nyembamba inaishia kwenye nyumba ya mwisho. Ukiona mawe ya mipaka pande zote mbili na nyasi katikati, hiyo ni barabara ya kwenye karatasi. Uliza kijiweni, na uliza "njia ya gari inatokea wapi?" badala ya "hii inatokea?", maana ya pili hujibiwa ndiyo hata kama inatokea shambani.

Reli ya SGR imezungushiwa uzio na ina umeme juu. Vukeni kwenye madaraja na vivuko vilivyojengwa tu. Reli ya zamani mkiivuka kwa usawa, ikateni kwa pembe ya mraba, chuma kikiwa kimelowa kinateleza kuliko kitu chochote barabarani.

#15 PuguMnadani

Mahali pa kusimama. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Una kiingilio, bwawa la Minaki na njia za miguu. Mapango ya Pugu si ya asili, ni mashimo yaliyochimbwa kutafuta kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, na sasa ni makazi ya popo. Usiingie bila mwongozaji, miamba ni laini. Njiani mtapita Pugu Sekondari, shule ambayo Mwalimu Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu 1955 ili ashike kazi ya TANU.

Usiegeshe kwenye nyasi kavu ndefu, bomba la moshi likiwa la moto linawasha. Na stendi ya pembeni kwenye mchanga inazama; weka kipande cha tofali au jiwe bapa chini yake, na uiache kwenye gia ya kwanza.

Kisarawe mjini kuna supu na chapati asubuhi, mihogo na embe kwa msimu wake. Kunywa maji kabla hujasikia kiu, upepo unakausha mwili bila wewe kutoka jasho la kuonekana.

#16 KlachiTaratibu

Ahsanteni sana wakuu. Naongeza mambo ya jua na ya kurudi.

Asubuhi mnaelekea kusini-magharibi, jua liko mgongoni. Ninyi mnaona vizuri, lakini anayekuja mbele yenu jua limempiga usoni na hawaoni. Washeni taa ya mbele muda wote na vaeni kizibao cha kuakisi mwanga. Msitegemee kwamba gari linalotaka kukata kuingia mtaani limewaona. Tazameni tairi lake la mbele, likianza kugeuka mshapata jibu.

Mkiwa kundi, watatu hadi sita panatosha. Endeni kwa kupishana, mmoja kulia kidogo mwingine kushoto, sekunde mbili kati ya mmoja na anayemfuata. Mwenye spana awe wa mwisho. Kwenye kila njia panda, kila mtu amsubiri aliye nyuma yake mpaka amwone, ndipo akate. Hivyo hakuna atakayepotea Mbande akipiga simu.

Aliye mbele akiona nyuma pamejaa magari, atoke kushoto mahali pana, apishe yote, kisha arudi. Kila dakika 10 hivi. Mwendo wenu wa taratibu ni haki yenu, lakini foleni ya magari 8 nyuma yenu inazaa dereva mmoja atakayepita kwenye kona.

Leseni ya pikipiki, bima hai na nakala ya kadi ya pikipiki viwe kwenye mfuko usioingia maji.

Kutoka Chamazi hadi Rangi Tatu mnaingia tena kwenye watu wengi, bajaji na daladala zinazosimama ghafla. Baada ya saa sita za barabarani mikono imechoka na kidole cha breki kinachelewa. Simameni Mbande dakika 20 kabla ya kuingia humo. Mkifika nyumbani, kabla ya kuosha, iacheni ipoe. Maji ya baridi kwenye injini ya moto yanapasua. Kisha pitisheni mkono kwenye spoki zote, mkizigonga na spana kila moja. Inayotoa mlio mzito badala ya kulia kama kengele imelegea, na ndiyo ya kukaza kabla ya Jumapili nyingine.

#17 Mdau_wa_Jumapili

Mkuu, spoki iliyolegea naikaza kiasi gani?

#18 FundiSpoki

Robo ya mzunguko wa nipo (ile nati ndogo ya spoki kwenye rimu), kisha igonge tena. Zikiwa zaidi ya tatu zilizofuatana upande mmoja, usikaze mwenyewe, mpelekee fundi mwenye stendi ya kunyooshea rimu. Ukizikaza kwa kubahatisha rimu inavutwa upande, na tairi litayumba hata kwenye lami mpya. Na ukikaza nipo nyingi, vua tairi uone kama ncha ya spoki imetokeza ndani ya rimu. Ikatwe kwa tupa, la sivyo inatoboa tyubu kilomita chache mbele.